Programu ya Windows imegoma kufunguka baada ya apdeti? Mara nyingi haijafa, haijasajiliwa tu

Umeapdeti kompyuta, ikajizima ikajiwasha, kila kitu kinaonekana kiko sawa, halafu unabonyeza Photos uangalie picha na hakuna kinachotokea. Au kidirisha kinachungulia nusu sekunde na kupotea. Au Calculator inaonesha ikoni yake katikati ya skrini halafu inabaki hapohapo imeganda. Ukiuliza watu, majibu yanakuja kwa fujo: mmoja anasema ni virusi, mwingine anasema apdeti imekula mafaili, wa tatu anakwambia fomati tu uanze upya, na wa nne anakutumia linki ya kudaunilodi Photos kutoka tovuti ambayo hakuna anayejua ni ya nani. Karibu wote wanakosea, na siwalaumu sana, kwa sababu hizi programu zinazokuja na Windows hazifanyi kazi kama programu tulizozizoea zamani na hakuna aliyekaa chini akatueleza mambo yalibadilika lini.

Nikisema programu za kuzaliwa nazo namaanisha zile unazozikuta kwenye kompyuta bila kuziweka mwenyewe: Photos, Calculator, Camera, Snipping Tool, Sticky Notes, na Store yenyewe, lile duka la programu la Microsoft. Apdeti ni mabadiliko anayoyatuma mtengenezaji, kuziba matundu ya usalama, kurekebisha makosa, kuongeza vitu vipya. Hapo hakuna utata. Utata unaanzia kwenye njia zinazopita hizo apdeti, maana ziko mbili na watu wengi wanajua moja tu. Ya kwanza ni Windows Update, inayoleta mabadiliko ya mfumo wenyewe, na ile kubwa ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili ya mwezi kwa saa za Marekani. Ya pili ni Microsoft Store, inayoleta mabadiliko ya programu moja moja, hii haina siku maalumu, inajifanyia kazi kimyakimya hata kama hujawahi kuifungua Store tangu ununue kompyuta. Kwa hiyo Windows inaweza kuwa ya leo na Photos ikawa ya miezi mitatu iliyopita, au Photos ikawa mpya kabisa inadai kitu ambacho Windows yako bado haijakipata.

Hili peke yake linaeleza malalamiko mengi sana. Mtu anaenda kuondoa apdeti ya Windows akitegemea programu itaamka, anasubiri, anaristati, programu bado imelala, anaanza kutukana. Ameondoa kilichoingia kwa njia ya kwanza wakati tatizo liliingia kwa njia ya pili.

Sasa tuingie ndani kidogo. Zamani programu ya Windows ilikuwa faili la exe limekaa kwenye folda, ukilibonyeza linafunguka, basi. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, na zaidi kwenye Windows 10 iliyotoka 2015, programu nyingi za kuzaliwa nazo zikawa vifurushi. Kifurushi kina mafaili yake, ambayo mengi yanakaa kwenye folda iliyofichwa ya C:\Program Files\WindowsApps, na hata ukiwa adimini hiyo folda haikufungulii kirahisi. Data zako za ndani ya programu, yaani mipangilio, kumbukumbu za kuingia na kadhalika, zinakaa kwingine kabisa, ndani ya AppData\Local\Packages kwenye folda ya akaunti yako. Na kuna kitu cha tatu ambacho hakionekani kama faili la kubonyeza, nacho ni usajili: Windows inaweka kumbukumbu kwamba akaunti hii inaruhusiwa kutumia kifurushi hiki, toleo hili, na kwamba kifurushi hiki kinategemea vifurushi vingine vya pamoja ambavyo programu kibao zinavitumia.

Chukulia ni jengo la ghorofa lenye mlinzi getini na daftari la wapangaji. Chumba chako kipo, vitu vyako vimo ndani, wewe mwenyewe mzima wa afya. Ila wamekarabati jengo, wameleta daftari jipya, na wakati wa kunakili majina lako limerukwa au limeandikwa na namba ya chumba cha zamani. Mlinzi hana ugomvi na wewe, anaangalia daftari, hakuoni, hakufungulii. Ukiamua kubomoa jengo zima kwa sababu ya hilo daftari utakuwa umejitafutia kazi, na ndiyo maana nawashangaa mafundi ambao neno lao la kwanza ni kufomati.

Na sio nadharia tu. Mwishoni mwa 2025 Microsoft wenyewe walieleza tatizo kwenye Windows 11 toleo la 24H2, hasa kwenye kompyuta za maofisini zinazoandaliwa kwa wingi, ambapo baada ya apdeti za kuanzia Julai 2025 vitu kama menyu ya Start, Settings na Explorer (programu ya kuangalia mafaili) vilikuwa vinashindwa kuanza vizuri. Sababu waliyoitaja ni vifurushi fulani ambavyo vitu hivyo vinavitegemea kutosajiliwa kwa wakati baada ya apdeti, na dawa ya muda waliyotoa ilikuwa kuvisajili kwa mkono. Mafaili yote yalikuwepo kwenye diski.

Kisa kingine ninachokipenda zaidi, sababu kinaonesha jinsi watu wanavyoweza kuhangaika bure, ni cha Snipping Tool. Tarehe 1 Novemba 2021, wiki chache tu baada ya Windows 11 kutoka, watu wakaanza kuona ile programu ya kupiga picha ya skrini haifunguki, na kwa baadhi yao kibodi ya kugusa na paneli ya emoji navyo vikagoma. Watu wakaristati, wakafuta, wakasajili upya, hola. Kumbe cheti cha kidijitali cha Microsoft, yaani ile sahihi inayoithibitishia Windows kwamba hii programu ni halali haijachezewa, kiliisha muda wake tarehe 31 Oktoba. Walioirudisha tarehe ya kompyuta nyuma hadi 30 Oktoba waliona Snipping Tool inafunguka vizuri tu. Microsoft wakatoa apdeti, kwa Snipping Tool ilikuwa KB5008295 (KB ni namba ya kuitambulisha apdeti), mambo yakaisha. Yaani apdeti ndiyo iliyotibu. Anayekwambia zima apdeti zote milele uwe salama hana jibu la kesi kama hii.

Kutokana na hicho kisa chukua jambo moja la haraka: angalia saa na tarehe ya kompyuta yako kabla ya kitu kingine chochote. Betri ndogo ya ndani ikiisha nguvu, kompyuta inaweza kuamka ikidhani iko miaka kadhaa nyuma, na sahihi za programu pamoja na mawasiliano na seva za Store vyote vinaanza kukataliwa. Ni sekunde kumi za kuangalia.

La pili la haraka ni kuristati, na hapa kuna uzushi mmoja mkubwa. Watu wanasema "nimeizima nikaiwasha, bado". Kuzima na kuristati kwenye Windows ya siku hizi sio kitu kimoja. Kompyuta nyingi zinakuja na kitu kinaitwa Fast Startup, ambacho ukibonyeza Shut down hakizimi kiini cha mfumo kabisa, kinakihifadhi kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ukibonyeza Restart ndio kiini kinaanza upya toka mwanzo. Kwa hiyo unaweza ukaizima na kuiwasha wiki nzima huku ile hali iliyokwama bado inarudishwa kila asubuhi. Bonyeza Restart, neno hilohilo, kisha uipe dakika chache baada ya kuingia, sababu baada ya apdeti kubwa Windows inakuwa bado inasajili vifurushi vya akaunti yako kwa nyuma na ukiikimbilia programu sekunde ile unaweza ukaikuta haijafikiwa zamu yake.

Bado? Basi kabla hujagusa kitu jiulize, ni programu moja iliyogoma au ni nyingi? Na je, kwenye akaunti nyingine ya kompyuta hiyohiyo inafunguka? Maswali haya yana thamani kuliko video kumi. Ikiwa moja tu ndiyo imegoma, tatizo liko kwenye kifurushi chake au data zake. Zikiwa nyingi kwa pamoja, Store nayo ikiwemo, shuku mfumo wenyewe au kile kifurushi cha pamoja zinachokitegemea. Ikiwa kwenye akaunti nyingine inafunguka vizuri, mafaili ya programu ni mazima na una kesi ya usajili au data kwenye akaunti yako, kwa hiyo hata usijisumbue kukagua diski. Kama huna akaunti ya pili, tengeneza moja ya majaribio, utaifuta baadaye.

Kuna kesi nyingine ndogo lakini inawatesa watu: wanaotumia ile akaunti ya Administrator yenyewe, sio akaunti ya kawaida yenye uwezo wa adimini bali ile iliyokuja imefichwa ndani ya Windows na mtu akaifungua. Baadhi ya programu za vifurushi zinaweza kukataa kufunguka humo, na zamani zilikataa pia mtu akizima kile kidirisha cha kuomba ruhusa, UAC. Hapo hakuna kilichoharibika, ni ulinzi. Tumia akaunti ya kawaida.

Kama ni programu moja, nenda Settings, Apps, Installed apps (kwenye Windows 10 ni Apps & features), itafute, bonyeza zile nukta tatu, ingia Advanced options, shuka chini. Utaona Terminate, Repair na Reset. Terminate inaiua kabisa kama imekwama nyuma bila kuonekana, anza na hiyo. Repair inajaribu kuitengeneza na data zako zinabaki, kwa hiyo haina hasara, ibonyeze tu. Reset ndiyo ya kufikiria kwanza, sababu inafuta data za ndani ya programu na kuirudisha kama ilivyokuja.

Hapo kwenye Reset ndipo pana uoga usio na maana upande mmoja na uzembe wa hatari upande wa pili. Uoga ni wa Photos: watu wanadhani wakiriseti Photos picha zao zinaondoka. Haziondoki. Photos ni dirisha la kuangalizia tu, picha ziko kwenye folda ya Pictures au popote ulipoziweka, fungua Explorer uzione kwa macho yako uache presha. Uzembe ni wa Sticky Notes. Yale maandishi ya njano hayako kwenye Documents wala Desktop, yako ndani ya data za programu yenyewe, kwenye faili linaitwa plum.sqlite lililomo AppData\Local\Packages, folda inayoanza na Microsoft.MicrosoftStickyNotes, ndani yake LocalState. Kama hukuwahi kuingia na akaunti ya Microsoft ili yasinki, ukibonyeza Reset yamekwenda na hayarudi. Kwa hiyo nakili hiyo folda ya LocalState nzima weka pembeni kwanza. Nikiulizwa programu ipi ya kuiriseti kwa tahadhari kuliko zote nataja hii bila kusita, sababu ndiyo ambayo watu wanaandikia vitu walivyoshindwa kuvikumbuka kichwani.

Kama Repair na Reset hazijasaidia, au programu haipo kabisa kwenye ile orodha, ndipo tunaenda kulisoma lile daftari lenyewe. Fungua PowerShell, ile skrini ya kuandikia amri inayokuja na Windows, usiiogope, na uandike:

Get-AppxPackage *WindowsCalculator*

Weka jina la programu yako badala ya WindowsCalculator. Amri hii haibadilishi kitu, inauliza tu. Ikiwa akaunti yako imesajiliwa utaona mistari kadhaa: jina, toleo, mahali ilipo, na chini kabisa Status, ambayo ikiwa Ok ni dalili njema. Ikikaa kimya, isirudishe hata mstari mmoja, maana yake akaunti yako haina usajili wa hiyo programu. Sasa fungua PowerShell kama adimini uulize tena ukiongeza -AllUsers. Ikionekana huku wakati kule ilikuwa kimya, umeshaukamata mchezo: kifurushi kipo kwenye mashine, ni jina lako ndilo halimo. Unasajili upya hivi:

Get-AppxPackage -AllUsers *WindowsCalculator* | Foreach {Add-AppxPackage -DisableDevelopmentMode -Register "$($_.InstallLocation)\AppXManifest.xml"}

Utaikuta amri kama hii imezagaa kila mahali bila jina la programu, yaani inasajili kila kitu kwa mkupuo, na ikikimbia inamwaga maandishi mekundu skrini nzima mpaka mtu anadhani ameilipua kompyuta. Mengi ya hayo mekundu sio maafa. 0x80073D02 inasema programu inayohusika iko wazi sasa hivi kwa hiyo haiwezi kuguswa, 0x80073D06 inasema tayari una toleo jipya kuliko hilo. Ila mi nashauri utaje programu moja unayoitaka, utaelewa jibu unalopewa. Ukiona 0x80073CF3 hiyo ndiyo ya kuisikiliza, inahusu mgongano au kifurushi tegemezi kisichopatikana, na hapo dawa ni kufungua Store, kwenda sehemu ya Library au Downloads, na kuapdeti kila kitu mpaka kisibaki kitu.

Waliowahi kuendesha zile skripti za "kupunguza uzito wa Windows" hapa ndipo wanapojikuta. Skripti ilifuta vifurushi vilivyoonekana havina kazi, mambo yakaenda vizuri miezi kadhaa, halafu Photos mpya ikaja inahitaji kimojawapo. Lawama zote zikaenda kwa apdeti.

Store yenyewe ikigoma, bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika wsreset.exe, Enter. Kidirisha cheusi kitakaa kimya kwa muda, kiache, kinasafisha mabaki ya muda ya Store na kikimaliza Store inafunguka. Haifuti programu zako. Na angalia nafasi kwenye diski C, ikiwa imejaa pomoni apdeti haina pa kujifungulia na inaachia njiani, hilo halihitaji maelezo marefu.

Zikiwa nyingi zimegoma na kwenye akaunti zote, ndio sasa unakagua mfumo. PowerShell kama adimini, kwanza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ikiisha:

sfc /scannow

Mpangilio huo una maana yake. sfc inalinganisha mafaili ya mfumo na nakala safi iliyohifadhiwa ndani ya Windows na kubadilisha yaliyoharibika, sasa kama hiyo nakala nayo ina kasoro inakutengenezea kwa kutumia kibovu, ndiyo maana DISM inatangulia, inaitengeneza ile nakala kwa kuvuta mafaili kutoka Windows Update, kwa hiyo uwe na intaneti. Inaweza kusimama kwenye asilimia fulani muda mrefu ukadhani imestaki. Iache. Ila ujue pia kwamba sfc kukwambia haijaona kosa lolote hakumaanishi programu yako ni nzima, hii inaangalia mafaili ya mfumo, haiangalii data za Photos wala usajili wa akaunti yako. Watu wengi wanakata tamaa hapa wakati wamepima kitu ambacho hakikuwa kinaumwa.

Halafu kuna programu ambazo haziumwi wala hazijapotea jina, zimestaafishwa. Mail na Calendar za Windows ziliisha muda wake tarehe 31 Desemba 2024, baada ya hapo hazitumi wala hazipokei barua na Microsoft wanakusukuma kwenda Outlook mpya. Paint 3D iliondolewa kwenye Store Novemba 2024. WordPad haimo kabisa kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 24H2. Unaweza kusajili upya mpaka usiku wa manane, hakuna cha kusajili. Kinyume chake pia kiliwahi kutokea: Machi 2025 apdeti ya mwezi iliifuta programu ya Copilot kwenye baadhi ya kompyuta bila kukusudia, na Microsoft wakakiri. Kwa hiyo programu ikitoweka ghafla, kabla hujashika PowerShell tafuta jina lake pamoja na namba ya KB ya apdeti uliyopokea, sehemu ya Update history ndani ya Windows Update inakuonesha. Tatizo likiwa la wengi, Microsoft huwa wanaliandika kwenye ukurasa wao wa matatizo yanayojulikana.

Vipi kuhusu kuondoa apdeti? Inaruhusiwa, iko kwenye hiyohiyo Update history, mstari wa Uninstall updates. Mimi ningeifanya tu kama tatizo limeanza siku ileile, limegusa programu nyingi, na kuna taarifa kwamba hiyo KB ina kasoro. Vinginevyo unarudisha matundu ya usalama ili upate kikokotoo.

Na kama yote yamegonga mwamba, bado kufomati sio hatua inayofuata. Windows 11 za karibuni zina kitu ndani ya Settings, System, Recovery, kimeandikwa Fix problems using Windows Update, ukibonyeza Reinstall now inaweka upya Windows ileile juu ya iliyopo na mafaili, programu na mipangilio yako inabaki. Inachukua muda na inakula bando, basi. Ukiamua kumpelekea fundi, mpelekee na maelezo: andika winver kwenye Start upate toleo la Windows, nakili toleo la programu kutoka ile Advanced options, namba ya KB ya mwisho, na majibu ya yale maswali mawili, ni moja au nyingi, ni akaunti moja au zote. Fundi akikusikiliza mpaka mwisho halafu bado akasema "tufomati tu", muulize ameona nini kwenye hayo maelezo.